Wazee Watano wa Barua ya Posa

Mwalimu wangu wa chuo alikuwa na ugonjwa wa karatasi. Watu, alisema, ukiwauliza swali wanakujibu unachotaka kusikia, halafu wanakuuliza kama posho ipo. Karatasi haina njaa wala haina haya. "Nenda kwenu," akaniambia, "katafute nyaraka ambazo watu wameziandika wenyewe kwa shida zao wenyewe. Hizo ndizo zitakueleza jamii inavyoishi." Nikamwamini, maana nilikuwa katika umri wa kuamini walimu.

Kwetu ni Ujiji. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa hakukaliki, maboti yanashusha watu na magodoro yao, na kila mwenye kalamu mjini Kigoma anaandika ripoti juu yao. Nikasema mie siandiki ripoti ya mahema. Nikachagua barua za posa. Nilitaka kujua, katika mchanganyiko ule wa wenyeji na wageni, nani anamwomba nani na anamwombaje. Kwa asiyejua, kwetu kijana hajipeleki kuposa. Wazee wake ndio wanaoandika barua, wanatia sahihi au dole gumba, na mshenga anaipeleka kwa kina binti ikiwa imefungwa kwenye leso nyeupe. Wa upande wa binti wanampa mshenga chai, wanamwambia tumesikia, anakwenda zake. Hapo ndipo wanaifungua na kuichambua kama mchele wenye mawe. Jibu nalo huandikwa, likarudi kwa wazee wale wale.

Barua hizo watu hawazitupi. Nilizikuta chini ya magodoro, ndani ya Misahafu, na moja niliikuta sandukuni kwa ajuza mmoja, imekunjwa pamoja na sanda yake. Nikamuuliza kwa nini anaviweka pamoja. Akasema yote mawili ni ya safari, na kama nimemaliza kuuliza maswali ya kipumbavu nimsaidie kufunga sanduku.

Kazi haikuwa rahisi. Mzee mmoja wa Katubuka alinipa barua aliyokataliwa zamani, na akataka niipeleke chuoni wakaitazame upya, pengine kulikuwa na makosa. Mama mwingine alinipa kadi za kliniki za watoto wake wote, akasema na hizi nazo ni matokeo ya posa. Lakini kilichoniudhi hasa ni maneno ya mtaani. Haikupita muda Ujiji nzima ikawa inasema yule mjukuu wa fulani kakosa posa yake, sasa anakusanya za wenzake. Nikipita, wanawake kisimani wananyamaza, halafu mmoja anasema kwa sauti ya huruma, "Mungu atampa na yeye." Nilitamani kurudi niwamwagie ndoo zao. Nikajizuia kwa sababu ya utafiti.

Na hizo barua zenyewe, jamani! Kila kijana ni mpole. Kila kijana ni mcha Mungu, hajui pombe, anaheshimu wakubwa. Nilisoma barua ya mtu ambaye mimi mwenyewe utotoni nilimwona akikimbizwa soko zima la Mwanga na mbuzi wa watu begani, na barua inasema "kijana wetu anapenda mifugo." Jioni nikamlalamikia bibi, mama yake mama, ambaye ndiye niliyekuwa nakaa kwake.

"Bibi, barua zote hizi ni uongo."

"Sasa mke mwenzangu ulitaka waandike nini?" akasema, huku anapepeta. "Kijana wetu ni mlevi, tunaomba mchumba?"

Nikaandika daftarini kwamba nyaraka za aina hii zina upendeleo wa mwandishi. Nikajiona nimegundua jambo kubwa.

Basi wakati niko katika hali hiyo, ikaingia barua nyumbani kwetu.

Ilikuwa ya kumposa mama mdogo, mdogo wake mama, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiuza samaki, migebuka wa kukaanga, mwaloni Katonga. Alishaolewa akaachwa, na tangu hapo alikuwa amewakataa watu wenye nyumba za bati na watu wenye maboti. Aliyempenda yeye ni fundi cherehani wa Mwanga, mkimbizi kutoka ng'ambo, aliyekuwa akishonea kwenye baraza ya duka la mtu. Fundi mwenyewe kimya, mkono wake mwepesi. Mama mdogo alipeleka kitambaa cha gauni moja, na gauni lile lilipimwa mara nyingi kuliko kiwanja cha msikiti. Kila wiki linabana mahali, kila wiki analirudisha. Sisi nyumbani tulikuwa tunajua, bibi anajua, hata paka anajua. Asiyejua alikuwa mjomba peke yake.

Na mjomba ndiye aliyekuwa mlango. Babu alikuwa amefariki, kwa hiyo yeye, kaka mkubwa, ndiye walii. Asipotamka yeye, hakuna ndoa. Alikuwa karani wa stoo maisha yake yote, na amestaafu akiwa anaamini kwamba kitu kisicho na muhuri hakipo. Alipoambiwa posa imekuja na imetoka wapi, alishusha kikombe.

"Mtu wa ng'ambo," akasema. "Amani ikirudi kwao kesho, anapanda boti, anakuacha na uzi na sindano."

"Na babu yetu alitoka wapi, kaka?" mama mdogo akamuuliza. "Alidondoka na mvua?"

Maana sisi Wamanyema wa Ujiji wote tumetoka ng'ambo hiyo hiyo, tofauti ni mwaka wa kushuka tu. Mjomba akajifanya hakusikia. Akaisoma barua mara ya pili, akaitazama nyuma na mbele, akaipima uzito kiganjani. Chini kulikuwa na majina ya wazee watano wa upande wa kijana, kila jina na dole gumba la wino wa zambarau. Wenyewe hawakuja, barua ilisema, kwa ajili ya umbali na hali ya safari. Mshenga aliyeileta alikuwa mzee wa msikiti wa Mwanga, mtu wa kuazimwa, ambaye alikunywa chai vikombe viwili akaondoka bila kujua zaidi ya hapo.

"Wazee watano sijawaona hata kofia zao," mjomba akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini tunaye msomi humu ndani. Si ndiyo kazi yako hii? Kesho baada ya alasiri uichunguze mbele yetu sote. Ikiwa ya kweli, tutazungumza. Ikiwa ya uongo, inarudi kwenye leso yake na hilo jambo nisilisikie tena."

Nisiseme uongo, nilifurahi. Miezi nimedharauliwa kisimani, sasa nimepewa heshima ya hakimu. Mama mdogo alinifuata jikoni. Hakunisihi. Alisema tu, "Mimi nampenda yule mwanamume, na siku zangu za kupenda si nyingi. Ukiniharibia, utakula ugali mkavu mpaka chuo kifunguliwe." Kisha akaenda kuparua samaki wake.

Kesho yake nikajiandaa kama ninayekwenda kufundisha. Jamvi likatandikwa uani. Bibi akakaa katikati, mjomba kulia akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, mama mdogo karibu na mlango amejifunga khanga kiunoni kabisa. Nikawaeleza kwamba waraka wowote unaulizwa maswali manne: je, ni halisi, je, aliyeuandika anaaminika, je, unafanana na wenzake, na je, unamaanisha nini.

"La nne ni rahisi," bibi akasema. "Anataka kuoa. Endelea."

Nikaanza na kufanana na wenzake. Nikasema waraka huu unatofautiana na nyaraka zote nilizokusanya, kwa kuwa haukusema kijana ni mpole. Umesema kijana anajua kushona, ana afya, na hana kitu kingine. Mjomba akasema hiyo ni hila. Bibi akasema hiyo ni mara ya kwanza anasikia barua ya posa inayosema kweli, na kama ni hila basi ni hila nzuri.

Nikaingia kwenye uhalisi. Hapo nikaomba miwani ya bibi ili niitumie kukuzia maandishi, maana miwani ile ilikuwa nene kama kitako cha glasi. Bibi akaivua kwa shingo upande. Kuanzia hapo akawa haoni kitu, na kila baada ya muda anauliza, "Mmefika wapi? Nani amesimama?" Hakuna aliyesimama.

"Mistari ya karatasi imepigwa kwa chaki ya fundi," nikasema, nimeinama na miwani mkononi. "Pembeni pamekatwa kwa mkasi mkubwa wa kitambaa. Kwa hiyo barua imeandikwa Mwanga, pale pale kwenye baraza, wala haikuandikwa na wazee."

"Unaona," mjomba akasema.

"Mwandishi si lazima awe mwenye barua," nikajibu, nikijisikia kweli. "Hata barua yako ya kuposa, mjomba, aliiandika mwalimu wa madrasa. Ninayo." Mjomba akakohoa. Mama mdogo akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, na mimi nikavimba kichwa. Nikashuka chini kwenye madole kwa mbwembwe zote. Nikapitisha kioo juu ya dole la kwanza, nikawaonyesha duara zake. Nikaenda la pili. La tatu. Nikarudi la kwanza.

"Mmefika wapi?" bibi akauliza.

Kwenye dole la kwanza kulikuwa na kovu dogo lililokata katikati kwa mshazari, kama alama ya sindano ya cherehani iliyopita ukucha na nyama. Kwenye la pili lilikuwepo. Kwenye la tatu, la nne, la tano, lilikuwepo kovu lile lile, mahali pale pale. Nikafuta kioo kwa khanga, nikatazama tena, na kovu halikuondoka. Ningeweza kusema wino umevuja. Lakini uso wangu ulikuwa umeshasema, na mjomba si mtu wa kuacha uso upite. Akaninyang'anya miwani.

"Dole moja," akasema taratibu, kwa furaha ya mtu aliyekuta gunia limepungua stoo. "Wazee watano, dole moja. Ukoo mzima una dole gumba moja, wanaazimana." Akaanza kuifunga barua kwenye leso.

Mama mdogo akasimama. "Hamumhukumu mtu hayupo," akasema, na kabla mjomba hajapata neno alikuwa ameshatoka nje na kandambili za bibi.

Mjomba alilalamika muda wote tuliokuwa tukingoja. Mposaji haitwi. Mposaji haonekani mpaka posa ijibiwe. Tangu lini mwanamke anakwenda kumchukua mposaji kwa mguu? Bibi akamwambia apunguze sauti, majirani walikuwa wameshapanda kwenye vinu vyao kuchungulia. Mie nilikaa pembeni na barua za watu nilizozikusanya, nazichukia zote.

Walikuja na baiskeli ya kukodi, mama mdogo nyuma, fundi anaendesha, futi ya kupimia bado iko shingoni na vipande vya uzi kwenye suruali. Akavua viatu. Akamwamkia bibi, akamwamkia mjomba, akakaa mwisho wa jamvi pasipo na jamvi. Mjomba akamsogezea barua bila neno. Fundi akaitazama, akaelewa. Akanyoosha dole gumba la mkono wa kulia, akaliweka kando ya yale matano tulilinganishe.

"Ni langu," akasema.

"Kwa hiyo umetudanganya," mjomba akasema. "Wazee hawa hawapo."

"Majina ni yao, mzee. Bote ni batu yangu." Alipokuwa na wasiwasi Kiswahili cha kwao kilikuwa kinamtoka hivyo. Akapeleka kidole kwenye jina la juu. "Huyu ni baba. Tulimwacha njiani, hakuweza kutembea tena, akanifukuza niende. Huyu ni baba mdogo. Alikuwa kwenye boti lingine na huyu wa nne, kaka yangu mkubwa, na lile boti halikufika. Huyu wa tatu ni mjomba wangu. Wa tano ni shemeji wa baba, yule alikuwa anasuluhisha kila ugomvi kijijini, na yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nusu yake. Hao wawili sijui waliko." Akashusha kidole. "Kwetu pia kijana hajiposei. Anayejiposea ni kama mtu aliyeokotwa. Nikaona aibu kumpelekea huyu mama posa ya mtu aliyeokotwa. Kila dole nililitajia jina ndipo nikabonyeza."

Nililia, na sikujali nani ananiona. Mama mdogo alikuwa anatazama chini, mkono wake umeshika ncha ya ile futi, sijui kama alijua ameishika.

"Nipeni miwani yangu," bibi akasema. Akaivaa, akamtazama fundi kwa muda mrefu, kisha akaichukua barua akaitazama pia, ingawa kusoma hakujua. "Tumepokea. We mtoto, chukua kalamu uandike jibu."

"Mama, jibu tunamwandikia nani?" mjomba akauliza.

"Barua imetoka kwa nani?"

Mjomba akayahesabu yale madole kwa macho. "Kwa wazee watano."

"Basi."

Nikaandika salamu, nikaandika majina yote matano, nikafika kwenye mahari. Mjomba hapo akapata nguvu upya, kwa sababu mahari ni kazi ya wanaume na yeye alikuwa bado ni walii. Akavuta kanzu yake. Akasema jambo hilo halizungumzwi na kijana, lizungumzwe na mtu mzima mwenzake. Akauliza kati ya wale watano nani mwenye maneno.

"Wa tatu," fundi akasema. "Mjomba."

"Mwambie mjomba wako sisi hatupunguzi."

Fundi akafikiri. "Angesema, mzee, umri wa binti nao uzungumzwe."

"Umri gani?" mama mdogo akadakia.

"Si mimi, mama. Ni yeye ndivyo alivyo."

"Mwambie," mjomba akasema, ameanza kupandisha, "binti yetu ana kazi yake mwenyewe Katonga, haji kwake kula bure."

"Angesema, vizuri, basi mahari ashushiwe, maana kijana wake ndiye atakayekula bure."

Bibi akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Mjomba alisema mtu huyo hana adabu. Fundi akakubali kwamba hana, wote nyumbani walikuwa wanamwogopa, na asingeweka dole mpaka apewe chai ya maziwa. Wakaendelea hivyo mpaka jua likaanza kushuka, mjomba anafoka, anapiga goti kwa kiganja, anamnyooshea kidole mtu asiyekuwepo, na fundi anamjibia kwa sauti ambayo haikuwa yake, nzito, ya mtu mnene anayefurahia ugomvi. Nimesoma barua nyingi na nimehudhuria posa nyingi tangu siku ile, lakini sijaona tena mtu akishindwa mahari na mtu ambaye hayupo. Mjomba alipunguza nusu. Alipomaliza alijifuta jasho, akasema, "Huyo mjomba wako ningependa kumfahamu," na nadhani alisema kweli.

Jibu likasainiwa. Bibi akaweka dole, mjomba akatia sahihi yake ya stoo yenye mikia, nami nikaliweka kwenye bahasha. Kwa kuwa mshenga alikuwa hayupo, na kila kanuni ya posa ilikuwa imeshavunjwa siku ile, nikampa fundi mwenyewe mkononi. Juu ya bahasha nilikuwa nimeandika majina matano moja chini ya lingine, kwa mwandiko wangu mzuri wa mtihani.

Hakuifungua. Alisimama nayo mlangoni, viatu mkono mmoja, anasoma majina yale kimya kimya, midomo inatembea. Mama mdogo akamwambia ndani ndiko kuna jibu, mbona hulitazami. Akasema amelisikia kwa masikio yake. Halafu akaniuliza mimi kama ninayo kalamu nyingine, yenye wino usiotoka na maji.

"Ya nini, fundi?"

"Unisaidie kuyaandika tena majina haya, dada. Kule kambini, kwenye daftari lao, waliniandika mimi tu, kwa sababu aliyefika ni mimi."